Shandelia inasumbua: kutafuta kosa kuanzia darini hadi kwenye kristali

Simu za shandelia huja jioni, watu wakisharudi kazini, na karibu zote huanza hivi: "Fundi, tumeifunga, imependeza, lakini..." Baada ya hiyo lakini ndipo kazi ilipo. Haiwaki. Zinawaka tano kati ya nane. Breka inashuka. Imelala upande. Imezimwa na bado inamulika kama kimulimuli. Nimezifunga taa hizi kwenye sebule za Tabata, Kinyerezi, Goba, Mbweni, na ng'ambo ya maji Kigamboni, na jambo moja limejirudia mno: kosa linaloonekana kwenye balbu mara nyingi lilifanyika juu zaidi, au mapema zaidi, kabla kristali ya kwanza haijavishwa. Ndiyo maana sianzi kukagua kwenye balbu. Naanza darini, nashuka na waya, nafika kwenye mikono ya taa, halafu ndiyo vioo.

Wazee wa mwambao waliiita taa hii thurea, neno la Kiarabu ambalo pia ni jina la lile kundi la nyota tunaloliita Kilimia. Ukiiona imening'inia safi, vioo vyote vimekamata mwanga, unaelewa kwa nini. Inastahili kufungwa kwa heshima.

Kabla hujapanda ngazi

"Umeme umekatika" na "umeme umezimwa" ni mambo mawili. Wapo wanaopanda ngazi pale umeme unapokatika, wakiona wamepata nafasi. Umeme wa TANESCO haupigi hodi unaporudi. Zima breka ya taa kwenye boksi. Chukua testa, ijaribu kwanza kwenye soketi ambayo bado ina umeme uione inawaka, kisha pima kila waya pale darini, halafu rudi tena kwenye soketi uhakikishe testa haijafa katikati ya kazi. Baada ya hapo zima na mein swichi, bandika tepu juu yake, na uwaambie wote waliomo ndani. Kama nyumba ina jenereta, inveta ya betri au sola, zima na hiyo. Inveta nyingi hujiwasha zenyewe pale umeme wa nje unapoondoka, na ukizima mein swichi, inveta huona umeme umeondoka.

Swichi ya ukutani usiitegemee hata kidogo. Kuna nyumba ambazo swichi iliwekwa kwenye nyutro, waya unaourudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta. Unazima, taa inazimika, na laivu bado iko pale juu na volti zake 230.

Ufa darini, au kibakuli cha juu kimeachana na dari

Hili naliweka mbele kwa sababu taa isiyowaka inaweza kusubiri wiki nzima, ila inayotaka kuanguka haisubiri. Ukiona ufa mwembamba kama unywele unaozunguka pale taa iliposhikwa, au kibakuli kinachofunika waya kilikuwa kimegusa dari na sasa kidole kinapita, ondoa meza na watoto chini yake leo hii.

Chanzo kikubwa kwenye nyumba zetu ni dari ya jipsam. Bodi ina unene wa milimita 9 au 12, haikutengenezwa kubeba kitu. Fundi aliyeelewa hilo kidogo huenda mbele hatua moja: anatafuta ile mbao ya mbili kwa mbili ambayo bodi imepigiliwa, anakaza kulabu humo. Hapo bado. Mbao ile yenyewe imeshikwa na misumari iliyopigwa kutoka chini, na uzito wa taa unavuta misumari hiyo itoke jinsi ilivyoingia. Itashika mwezi, itashika mwaka, kisha inaanza kushuka milimita moja moja, na ufa ndio barua yake ya kwanza.

Dawa ni kupanda juu ya dari kupitia kile kimlango cha kuingilia, ukiwa na tochi, ukikanyaga mbao na si bodi. Laza mbao ya mbili kwa nne juu ya mbao za chini za kenchi mbili, ivuke kutoka moja hadi nyingine, ikazwe kwa skrubu ndefu. Toboa katikati, pitisha fito ya chuma yenye nyuzi au kulabu ya bolti, weka wosha pana na nati mbili juu. Uzito sasa umekaa juu ya mbao, haujaning'inia kwenye misumari. Tofauti ya nyumba mbili za jirani, moja taa imeanguka na nyingine iko imara, huwa ni hiyo tu. Ukiwa huko juu gonga kenchi kwa mpini wa bisibisi. Ikitoa sauti ya debe tupu, au unga ukidondoka, mchwa wameshapita, na hakuna kulabu itakayokusaidia mpaka mbao ibadilishwe kwa iliyotiwa dawa.

Kwa nyumba ya ghorofa yenye slabu ya zege, shida huwa ni fisha ya plastiki, kile kijibomba kinachoingizwa tunduni kabla ya skrubu. Fisha hizo ni nzuri ukutani ambako mzigo unavuta kwenda chini na skrubu imelala. Darini mzigo unavuta skrubu moja kwa moja kutoka kwenye tundu lake. Tumia bolti ya chuma inayotanuka, toboa kina inachotaka, pulizia vumbi lote nje ya tundu kabla ya kuiingiza, maana vumbi ndilo linaloifanya izunguke bila kushika. Kaa mbali kidogo na boksi la waya, kwa kuwa mabomba ya waya ndani ya zege huanzia hapo. Na kama slabu ilijengwa kwa matofali yenye uwazi ndani, ile bolti itatanuka hewani. Hapo tafuta ubavu wa zege ulio kati ya matofali.

Kipimo. Viwango vya kimataifa vya taa, IEC 60598, vinataka taa ya kuning'inia na sehemu inayoishika vijaribiwe kwa mzigo wa mara nne ya uzito wa taa kwa saa moja. Mimi hufanya kipimo hicho kwenye kulabu niliyofunga, kwa madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Taa ya kilo 8 inataka kilo 32, yaani dumu moja zima na jingine lita 12. Ning'iniza kwa kamba imara, madumu yawe sentimita chache tu juu ya sakafu, weka godoro chini, ondoka hapo, rudi baada ya saa nzima. Piga alama ya penseli mwanzo na mwisho. Ikiwa imeshuka hata kidogo, rudi juu. Kama uzito haujaandikwa kwenye boksi, panda mzani ukiwa umeibeba taa na vioo vyake vyote, kisha panda tena mikono mitupu, toa.

Breka inashuka

Sikiliza inashuka lini. Hapo ndipo nusu ya jibu ilipo.

Ikishuka papo hapo ukiwasha swichi ya taa, laivu inagusa nyutro au inagusa chuma cha taa mahali fulani. Ikishuka ile kubwa inayolinda watu dhidi ya mkondo unaovujia ardhini, tena hata swichi ya taa ikiwa imezimwa, shuku nyutro inayogusa chuma au waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Hili huwachanganya mafundi wengi. Wanasema taa haihusiki kwa sababu imezimwa, wanahangaika na friji na pampu. Swichi inakata laivu peke yake. Nyutro inabaki imeunganishwa saa zote, na friji ikiwaka, sehemu ya mkondo wake unaorudi unapotea kupitia chuma cha shandelia. Na ikishuka wakati wa mvua tu, masika au vuli, achana na taa, kagua paa. Kuna bati linalovuja juu ya maungio ya waya.

Ndani ya taa yenyewe, sehemu za kushuku ni tatu. Kwanza pale mkono unapoingia kwenye kiini cha katikati: tundu la chuma lina ukingo mkali, na mtu akiuzungusha mkono ili ukaze, waya unazunguka nao na kuchunwa ngozi. Pili chini ya kibakuli cha darini, waya uliokunjwa na kubanwa kati ya kibakuli na breketi. Tatu kwenye konekta, nywele mbili tatu za shaba zilizobaki nje zikigusa jirani.

Niliwahi kuitwa Kigamboni, siku moja kabla ya sendofu. Familia ilikuwa imekaa sakafuni usiku kucha ikivisha vioo, akina mama na wasichana, mikono kumi na miwili ya taa, mistari kwa mistari ya kristali. Waliipandisha asubuhi ikiwa imevaa kila kitu. Wakawasha, breka ikashuka. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Baba, usiniambie tunavua." Ilibidi tuvue. Kipande kwa kipande, tukivipanga kwenye kanga kwa mpangilio wake, mpaka tukafika kwenye mkono wa saba, waya umechunwa urefu wa punje ya mchele. Kuutengeneza kulichukua dakika kumi. Kuvua na kuvisha tena kulituchukua mpaka saa tatu usiku, na mama yule hakupata hata muda wa kupaka hina.

Tangu hapo sivishi kristali hata moja kabla taa haijawaka uchi kwa saa mbili. Unaunganisha mikono, unapima kwa mita kama kuna mguso kati ya laivu na chuma, na kati ya nyutro na chuma, ikiwa bado sakafuni na haina balbu. Mita ikinyamaza kote, unaipandisha, unaiweka balbu, unaiwasha, unakwenda kunywa chai. Ukirudi bado inawaka, gusa kiini cha katikati kwa nyuma ya mkono baada ya kuizima na kuipima: kisiwe cha moto. Ndipo vioo. Ngazi utaihitaji mara ya pili, ndiyo, lakini hutavua kitu.

Mwili wa taa unatetemesha mkono

Usiiguse tena ili "kuhakikisha". Zima breka.

Shandelia ni chuma kitupu kuanzia juu mpaka chini, na mnyororo wake pia. Laivu ikigusa popote, mwili mzima una umeme. Kazi ya ethi ni kuupa umeme huo njia ya kwenda ardhini haraka ili breka ishuke kabla mtu hajagusa. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zina waya mbili tu kwenye pointi ya taa, nyekundu na nyeusi, kwa sababu zilijengewa taa za holda ya plastiki ambayo haikuhitaji zaidi. Mtu anafunga shandelia, anaona waya wa kijani na njano unaotoka kwenye taa hauna mwenzake, anaukunja na kuuficha kwenye kibakuli. Nakuomba, usifanye hivyo. Vuta waya wa ethi kutoka kwenye boksi la breka mpaka darini, hata kama ni kupasua jipsam kidogo. Na hakikisha ethi yenyewe ya nyumba iko hai, kwa maana nimekuta fimbo ya ardhini imechimbiwa, waya wake umekatwa na aliyekuwa anajenga uzio. Kazi ya kuongeza laini mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie akuoneshe.

Kuna mtetemo mdogo mwingine ambao hutokea hata waya ukiwa mzima, pale taa yenye vibadilisha umeme vya LED isipokuwa na ethi. Unausikia kama sisimizi wanaotambaa kwenye vidole. Dawa yake ni hiyo hiyo.

Kwenye holda za kuzungusha, laivu iende kwenye ulimi mdogo wa katikati chini, nyutro kwenye ukuta wa nyuzi. Zikibadilishwa, taa itawaka vizuri tu, ila siku mtu anabadilisha balbu huku swichi ikiwa imewashwa, vidole vitagusa ule ukuta. Pima kwa mita kila holda. Waya za ndani ya mikono huwa za rangi moja zote mbili, na mara nyingi mmoja una mstari au maandishi ya kuutofautisha. Chagua wenye alama uwe nyutro, na usibadilike mkono kwa mkono.

Haiwaki hata moja

Hapa hakuna haja ya kuogopa. Breka iko juu? Taa nyingine za chumba kile zinawaka? Kama taa ina rimoti, kitoe kisanduku cha rimoti kwenye njia na uunganishe moja kwa moja. Visanduku hivyo hufa kabla ya vingine vyote.

Kisha rangi za waya. Nyumba ya zamani: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Nyumba mpya: kahawia laivu, bluu nyutro. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili na mafundi wawili: chochote. Pointi yenye waya tatu au nne huwa ina laivu ya kudumu inayopita kwenda kwenye taa nyingine, na watu huunganisha shandelia humo au kwenye nyutro mbili. Pima swichi ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa. Unaoutaka ni ule unaokuja na kuondoka na swichi. Wakati wa kupima vile umeme uko wazi, kwa hiyo ncha za waya ziwe mbalimbali, na mtu mwingine ashike ngazi.

Kama umeme unafika kwenye konekta na taa bado kimya, vuta kila waya kwa nguvu kidogo. Waya laini wenye nywele nyingi ukibanwa na skrubu bila kusokotwa au kuvikwa kifungashio, skrubu hukaa juu ya ngozi ya plastiki na kudhani imeshika.

Zinawaka nyingine, nyingine hapana

Hamisha balbu inayowaka iende kwenye holda isiyowaka. Ikiwaka, balbu ya pale ndiyo imekufa, na habari imekwisha. Isipowaka, zima breka, pima, chungulia ule ulimi wa shaba chini ya holda. Mtu aliyekaza balbu kwa nguvu za ajabu huwa ameukandamiza ukalala. Uinue kidogo kwa bisibisi ndogo, milimita mbili zinatosha. Hii ndiyo sababu namba moja, nimeikuta mara nyingi kuliko waya uliokatika.

Mkono mzima wa taa ukiwa kimya, maungio yako ndani ya kiini cha katikati. Fungua kofia ya chini. Laivu zote zinakutana mahali pamoja, nyutro zote mahali pamoja, na fundo moja la waya nane lililofungwa kwa tepu peke yake ni shida iliyoahirishwa. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la Dar na la balbu. Gawa kwenye konekta mbili, za chemchemi ukizipata Kariakoo, zinashika kuliko za skrubu.

Kuhusu balbu: holda ndogo huandikwa mwisho wake, mara nyingi wati 40, na hiyo ni hesabu ya balbu za zamani za moto. Weka LED za wati 4 au 5. Balbu nane za wati 40 zinakula wati 320. Zikiwaka saa tano kila siku, ni uniti 48 za LUKU kwa mwezi. Nane za wati 5 ni uniti 6. Na joto linalopungua ndilo linaloziokoa waya za ndani.

Imezimwa lakini inamulika, au inapepesa

Balbu za LED zinahitaji umeme kidogo sana kuonesha dalili. Ukiwa na swichi yenye kile kitaa chekundu cha kuonekana gizani, kitaa hicho hupitisha mkondo mdogo kwenye taa yako usiku kucha, na balbu hujikusanyia, humulika, huzima, hujikusanyia tena. Weka swichi ya kawaida. Kama swichi tayari ni ya kawaida, fungua uone iko kwenye laivu au kwenye nyutro. Ikiwa kwenye nyutro, taa inabaki imeshikana na laivu saa zote, na sasa hiyo si kero tena, ni hatari, rekebisha. Zikiwa sawa zote mbili na balbu bado zinapepesa, waya mrefu unaolala sambamba na laivu nyingine ndani ya bomba moja huokota umeme kidogo, na balbu za bei ya chini zaidi huuonesha. Badilisha moja iwe nzuri, mara nyingi hali hutulia.

Ikipepesa ikiwa imewashwa, angalia juu kabla ya kufungua chochote. Feni ya dari ikizunguka kati ya taa na macho yako, mapanga yake yanakata mwanga, na chumba kizima kinaonekana kutetemeka. Feni hiyo hiyo ikiwa karibu itavigonganisha vioo mpaka viachie. Shandelia na feni vitenganishwe, au feni ihamie ukutani.

Taa inajibadilisha rangi, nyeupe, njano, mchanganyiko

Haijaharibika. LED za rangi tatu hubadilika kila unapozima na kuwasha kwa haraka. Umeme ukigusa kuondoka na kurudi, zinahesabu kuwa umebonyeza. Ikitokea nusu ya taa ni nyeupe na nusu njano, zima kabisa, subiri nusu dakika, washa. Nyingi hurudi pamoja.

Imelala upande

Watu hukimbilia kukunja mnyororo. Mnyororo hauna kosa. Taa ya kuning'inia hulala kuelekea uzito ulipo, kwa hiyo tafuta uzito. Mikono imepangwa kwa nafasi sawa? Simama chini kabisa katikati, tazama juu kama unatazama gurudumu la baiskeli: spoku zote ziwe sawa. Mikono ikiwa sawa, vioo havijagawanywa sawa. Visha kwa jozi zinazotazamana, ukimaliza mkono huu nenda wa upande wa pili, si wa jirani. Mwisho kaza nati kubwa ya chini ya kiini, ikilegea mikono hushuka mmoja mmoja.

Urefu nao huitwa kupinda wakati mwingine, kwa kuwa jicho halitulii. Juu ya meza ya chakula acha sentimita 75 hadi 90 kati ya meza na ncha ya chini. Sebuleni pasipo na meza, mita 2.1 kutoka sakafuni ili mgeni mrefu asiinamishe kichwa. Na ukubwa: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, jibu liite inchi. Sebule ya futi 13 kwa 16 inapendeza na taa ya kipenyo cha inchi 29 hivi.

Vioo vimefifia, pini zimeota kutu, vipande vinadondoka

Boksi nyingi zinazouzwa mjini zimeandikwa K9. Hicho ni kioo safi cha macho, jina la Kichina, hakina madini ya risasi ndani yake kama kristali za kale za Ulaya. Ukitaka kujua umeuziwa kioo au plastiki, kiweke shavuni: kioo ni baridi na kizito, plastiki ni vuguvugu na ikigongwa haitoi mlio.

Kufifia kwenyewe kunatokana na vitu viwili hapa kwetu. Cha kwanza ni alama za vidole wakati wa kuvisha. Mafuta ya mkono hayaonekani siku ile, yanakamata vumbi baada ya wiki mbili. Vaa glavu za pamba. Cha pili ni maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na ukioshea vioo maji hayo kila tone linaacha duara jeupe. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kusafika, au maji yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena, yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri: yawe maji, isiwe asidi ya betri, ambazo hukaa rafu moja. Changanya vikombe vinne vya maji na kimoja cha spiriti, lowesha kitambaa, futa, kausha kwa kingine. Taa iwe imezimwa na imepoa, na usipulizie dawa kwenye taa ikiwa juu, maana majimaji hutiririka mpaka kwenye holda.

Pini za kushikia vioo ni waya mwembamba uliopakwa rangi ya dhahabu au fedha. Nyumba zilizo karibu na bahari, Msasani, Mbezi Beach, Kigamboni, upepo una chumvi, na rangi ile haidumu. Kutu huanza kwenye kona ya pini, inakatika, na kipande kinaanguka usiku wakati hakuna aliyekigusa. Badilisha pini zote za mstari kwa za chuma kisichoota kutu mara uonapo ya kwanza ikigeuka kahawia, usibadilishe moja moja. Pini ikunjwe kuelekea ndani, mgongo wake ndio uonekane sebuleni.

Vimebaki vipande mkononi

Ikiwa vimebaki viwili au vitatu vya umbo moja, ni vya akiba, viwanda huongeza. Ikiwa vimebaki nane vya umbo moja kwenye taa ya mikono nane, kuna mstari mzima umerukwa, na mara nyingi ni ule wa ndani unaofunika kiini cha katikati. Hesabu kwenye karatasi ya maelekezo kabla hujashusha ngazi. Vya akiba vitie kwenye mfuko mmoja pamoja na pini na karatasi yenyewe, uandike jina la chumba na mwaka, uufunge kwenye kenchi juu ya dari karibu na kulabu. Mwakani duka lile lile la Kariakoo litakuwa na umbo jingine, na fundi atakayepanda huko atakuwa ameshika tochi tayari.